Nembo, Rajamu na Chapa: Historia ya Jicho la Mtumiaji katika Vitu vya Kila Siku, Jinja na Budondo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya usanifu wa michoro katika vitu vya matumizi ya kila siku katika eneo la Jinja na Budondo, mashariki mwa Uganda. Hoja yake kuu ni kwamba ubora wa michoro ya kibiashara na ya kiserikali katika eneo hili ulihukumiwa na mtumiaji muda mrefu kabla ya kuhukumiwa na mtaalamu, na kwamba msamiati wa Kiswahili uliosafiri pamoja na bidhaa umehifadhi alama za hukumu hiyo. Makala yanafuatilia maneno matatu, yaani nembo, rajamu na chapa, kisha yanatazama shanga, vitambaa, stempu, sarafu, leso na kuta za maduka. Yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuhifadhi kazi za wachoraji wa mabango ambazo zinafutika kwa kasi.

1. Utangulizi

Utafiti wa sanaa za mikono nchini Uganda una historia ndefu. Margaret Trowell, aliyeasisi mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, alishirikiana na K. P. Wachsmann kutoa mwaka 1953 kitabu kiitwacho Tribal Crafts of Uganda, na mwaka 1960 yeye mwenyewe akatoa African Design. Kazi hizi zilivipa vikapu, mikeka, vyungu na ngoma heshima ambayo havikuwa vimepewa na wasomi wa kikoloni waliotangulia. Hata hivyo, ziliweka pia mpaka ambao bado unatuongoza bila sisi kuutambua. Upande mmoja wa mpaka huo wamo mafundi wa asili na kazi zao. Upande wa pili vimo vitu vya dukani, kama vile kibiriti, kitambaa cha kupigwa chapa, stempu na ubao wa kinyozi. Vya upande wa kwanza vimeingia katika makumbusho. Vya upande wa pili vimetumika, vimechakaa na vimetupwa.

Mpaka huo haukuwahi kuwamo katika maisha ya watu wenyewe. Mwanamke wa Budondo anayesuka mkeka wa rangi mbili na kupanga ruwaza zake kwa kuhesabu ukindu ndiye huyo huyo anayesimama sokoni akilinganisha leso mbili kabla ya kulipia moja. Jicho ni moja. Ikiwa tunakubali kwamba lina maarifa linapotazama mkeka, hatuna sababu ya kudai kwamba maarifa hayo yanalitoka linapotazama leso.

Jambo hili lina uzito pia kwa wanaisimu. Nchini Uganda, Kiswahili kimehusishwa mno na kambi za jeshi na polisi, na mashaka ya umma juu yake yametokana kwa kiasi kikubwa na uhusiano huo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini utekelezaji umekwenda polepole. Msamiati wa biashara unasimulia historia nyingine. Maneno duka, sabuni, sukari, barua na bendera yamekaa katika Luganda na Lusoga kwa muda mrefu kiasi kwamba wazungumzaji wengi hawayaoni kuwa mageni. Yaliingia yakiwa yamebebwa na vitu, na vitu hivyo vilikuwa na sura.

2. Maneno matatu na mamlaka tatu

Neno nembo, katika kamusi za zamani za Kiswahili, lina maana ya alama inayochanjwa mwilini kuonyesha kabila la mtu. Leo tunalitumia kwa alama ya taifa, chuo au kampuni. Mabadiliko hayo ya maana si ya kubahatisha. Alama ya mwilini ilikuwa na sifa zile zile tunazozidai kwa nembo ya kisasa: iwe na mistari michache, itambulikane kwa mbali, isichanganywe na ya jirani, na mwenyewe asiweze kuikana.

Rajamu ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lilitumika kwa alama iwekwayo juu ya robota la bidhaa kuonyesha mwenye mali au mtengenezaji. Hili ni neno la bandarini na la msafara. Linamhusu mtu aliye mbali na bidhaa yake, anayehitaji alama iseme kwa niaba yake mbele ya wageni.

Chapa limetoka katika lugha za Bara Hindi, na maana yake ya msingi ni mhuri au kile kinachogandamizwa juu ya kitu. Kutokana nalo tumepata kupiga chapa, mpigachapa na chapa kwa maana ya aina ya bidhaa. Katika Luganda neno ekyapa linahusu maandishi yaliyopigwa chapa, na pia ndilo jina la hati ya kumiliki ardhi. Anayesema kwamba ana ekyapa cha shamba lake anategemea kwamba muhuri ule utaaminiwa na watu wasiomfahamu.

Maneno haya matatu yanaonyesha mamlaka tatu zilizohitaji michoro: ukoo, mfanyabiashara na dola. Inafaa pia kutambua kinachokosekana. Istilahi usanifu wa michoro ni ya karibuni, nayo inamtaja anayetengeneza. Maneno ya zamani yanaitaja alama yenyewe na kazi yake machoni pa anayeiona. Lugha ilimjali msomaji wa mchoro kabla ya kumpa jina mchoraji.

3. Shanga na merikani

Mashariki mwa Uganda palikuwa na michoro kabla ya misafara ya pwani kufika. Katika miamba ya Nyero, wilayani Kumi, kaskazini mwa Mbale, ipo michoro ya kale ya rangi nyekundu ambayo sehemu yake kubwa ni duara ndani ya duara. Huko Mutoto, karibu na Mbale, vijana wa Kigisu wanaoingia imbalu bado hujulikana kwa shanga zinazopishana vifuani na unga uliopakwa miilini. Anayewaona kwa mbali hahitaji kuuliza wako katika hatua gani ya maisha. Misafara, kwa hiyo, ilifika kwa watu waliokwisha kuzoea kusoma rangi na umbo.

John Hanning Speke alipofika kwenye maporomoko ya Nile mnamo tarehe 28 Julai 1862 na kuyaita Ripon, msafara wake ulikuwa umeishi kwa vitambaa na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Richard Burton, aliyesafiri na Speke kati ya 1857 na 1859, aliacha maelezo marefu juu ya aina za shanga na mahali kila aina ilipokubalika. Samisami, zile nyekundu, zilipendwa sana. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa katika nchi fulani ulikuwa umebeba mzigo mtupu, hata kama shanga hizo zilikuwa za gharama pwani.

Vitambaa navyo vilikuwa na mtihani wao. Merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, hakikuwa na ua wala mstari. Mnunuzi alikitambua kwa uzito wake, kwa msongamano wa nyuzi zake na kwa alama ya kiwanda. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika ya Mashariki yaliathiri uzalishaji hadi Salem huko Marekani na Bombay huko India. Hili ni jambo la kusisitizwa. Kiwanda kilichokuwa ng’ambo ya bahari kilibadili kazi yake kwa sababu ya hukumu ya mtu ambaye mwenye kiwanda asingemwona maishani. Hukumu hiyo ilikuwa ya kiuchumi, lakini ilipitia machoni na vidoleni.

4. Dola inapotafuta sura

Mwaka 1895, mmisionari Ernest Millar alitengeneza stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta. Hapakuwa na mchoro wowote: zilikuwa na herufi U na G, pamoja na namba inayoonyesha thamani kwa kauri. Leo stempu hizo hutafutwa sana na wakusanyaji kwa uhaba wake, lakini kwa mtafiti wa usanifu zina funzo jingine. Vifaa vilikuwa duni kabisa, na bado aliyezitengeneza alijua kwamba alama inapaswa kusema mambo mawili tu: inatoka wapi na ni ya thamani gani. Thamani aliiandika kwa kipimo ambacho watu walikitumia. Katika Luganda, neno ensimbi, lenye maana ya fedha, ndilo hilo la kauri.

Kauri zilitungwa uzini ili zihesabiwe na kubebwa. Kuanzia mwaka 1907, himaya za Afrika Mashariki na Uganda zilianza kupewa senti zenye tundu katikati, na juu yake pembe za ndovu zinazolizunguka tundu hilo. Tundu liliokoa madini, lilimwezesha mtu kuitambua senti gizani kwa kidole, na liliruhusu senti zitungwe kama zilivyotungwa kauri. Sarafu chache za karne iliyopita ziliwaza namna hii juu ya mkono wa mtumiaji. Shilingi ya mwaka 1921, yenye simba na milima nyuma yake, ilikuwa na fahari zaidi. Senti yenye tundu ilikuwa na akili zaidi.

Jinja yenyewe iliingia katika michoro ya dola kwa njia ya posta. Daraja la reli juu ya Nile lilifunguliwa mwaka 1931, na katika stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1935, ile ya senti 30 na ile ya shilingi 5 zilionyesha daraja hilo kando ya maporomoko ya Ripon. Mwaka 1954, wakati wa ziara ya Malkia Elizabeth aliyekuja kuzindua bwawa la Owen Falls, ilitolewa stempu ya senti 30 yenye picha ya bwawa. Ukiziweka stempu hizi mbili pamoja, unaona kitu ambacho hakuna hata moja inayokisema peke yake: maji ya bwawa la stempu ya pili yaliyafunika maporomoko ya stempu ya kwanza. Karatasi ndogo ya kubandikwa kwenye bahasha imekuwa hati ya mahali ambapo hapaonekani tena. Kwa watu wa Budondo, walio ukingo wa mashariki wa Nile kaskazini mwa Jinja, jambo hilo lilijirudia. Maporomoko ya Bujagali, yenye heshima ya kiimani kwa Wasoga, yalizamishwa na bwawa jipya lililokamilika mwaka 2012. Jina lake bado linaandikwa kwenye mabango.

Uhuru ulileta sura mpya. Bendera ya tarehe 9 Oktoba 1962, iliyobuniwa na Grace Ibingira, ina mistari sita ya nyeusi, njano na nyekundu, na katikati korongo mwenye taji ndani ya duara jeupe. Mistari inaweza kuchorwa na mtoto yeyote wa shule. Korongo ni mgumu, na ndiyo maana kuta za shule za vijijini ni mahali pazuri pa kumchunguza. Wachoraji wa huko wamegundua kwamba mambo mawili yanatosha, yaani taji kichwani na mguu mmoja ulioinuliwa. Mengine yakikosewa, ndege bado anatambulika. Ugunduzi huo haukuandikwa na yeyote, lakini ni uchambuzi sahihi wa mchoro.

5. Leso: maandishi yanapokuwa picha

Leso, au kanga, inajulikana vyema kwa wasomi wa Kiswahili, ila kwa kawaida tumeisoma kwa jina lake tu, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Ilizaliwa katika pwani mwishoni mwa karne ya 19, leso za mraba ziliposhonwa pamoja kuwa kipande kimoja, kisha wafanyabiashara wakaagiza kipande kizima kipigwe chapa. Maandishi yaliongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa za Kirumi. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ni miongoni mwa wanaotajwa kuanzisha mtindo huo, na maneno Mali ya Abdulla yaliyowekwa kwenye leso zake ni rajamu kwa maana kamili ya neno.

Mpangilio wa leso ni wa hesabu kali. Pindo huzunguka pande zote, mji huwa katikati, na jina hukaa juu ya pindo la chini. Kitu hiki kimebuniwa kwa ajili ya mwili unaotembea: pindo huchora mpaka wa umbo la mvaaji, na jina huonekana nyuma yake anapopita. Aliyebuni alijua kwamba karatasi yake ya kuchorea itakunjwa, itafungwa na itabeba mtoto.

Huko Busoga leso huitwa leesu. Kikoi nacho, kwa jina la kikooyi, huvaliwa ndani ya gomesi ili kuipa umbo. Wanawake wengi wa vijijini wanaonunua leesu hawasomi Kiswahili. Wapo watakaosema kwamba kwao jina ni maneno yasiyo na kazi. Nadhani kinyume chake ndicho sahihi. Mstari ule wa herufi umekuwa sehemu ya mchoro. Unathibitisha kwamba kitambaa ni leesu ya kweli na kwamba hakikukatwa kutoka kwenye kitenge cha kawaida. Leso isiyo na jina huonekana pungufu hata kwa asiyelisoma. Hapa Kiswahili kimefika mahali kikiwa picha kabla ya kufika kikiwa lugha, na mwalimu anayetaka kukifundisha Budondo anaweza kuanza na herufi ambazo wanafunzi wake wamebebwa nazo mgongoni tangu wakiwa wachanga.

6. Saruji na rangi

Barabara kuu ya Jinja inajulikana kwa maduka yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Juu ya mengi yake, katika paji la jengo, jina la mwenye mali na mwaka wa ujenzi vimefinyangwa kwa saruji. Herufi hizo zina unene na kivuli chake mwenyewe; jua la asubuhi na la jioni huzisomesha kwa namna tofauti. Mwaka 1972, serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Maduka yaligawiwa, bidhaa zikaisha, viwanda vya Jinja vikadorora. Majina ya saruji yalibaki. Mpangaji mpya alifungua duka lake chini ya jina la mtu aliyefukuzwa, na wateja wakaendelea kuelekezana kwa jina hilo.

Chini ya saruji kulikuwa na rangi, na rangi ina historia tofauti. Ubao wa kinyozi wenye vichwa vitatu vya mitindo mbalimbali, mlango wa kliniki wenye mama na mtoto, ukuta wa fundi cherehani wenye gomesi iliyosimama bila mvaaji: kazi hizi zilifanywa na wachoraji wa mitaani. Hupima mistari kwa uzi uliopakwa chaki, huzipa herufi kivuli ili zitoke ukutani, na hutumia rangi tatu au nne kwa sababu kila kopo lina bei. Uhaba huo umewafundisha kubana. Mchoraji anayejua kwamba mpita njia yuko juu ya bodaboda, chombo kilichoanzia kwenye baiskeli za mpakani Busia, hana nafasi ya kupamba mno. Dola yenyewe imetegemea elimu hii ya macho. Katika chaguzi za Tanzania kuanzia 1965 hadi 1985, wagombea walipewa jembe au nyumba. Nchini Uganda wapiga kura wamesoma jembe, basi, ufunguo na mwavuli kwenye karatasi za kura. Hakuna serikali iliyopata kusema hadharani kwamba wananchi ni wasomaji hodari wa michoro, lakini zote zimeendesha uchaguzi kwa kuamini hivyo.

Rangi hufunikwa na rangi. Katika miaka ya karibuni, maduka mengi ya barabara ya kutoka Jinja kwenda Budondo yamepakwa kuanzia msingi hadi paa rangi za kampuni za simu au za viwanda vya rangi. Mwenye duka hupata ukuta safi bila kulipa, na hatuwezi kumlaumu. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo penye kona, na duka lake hufanana na la jirani, na la jirani wa jirani. Chini ya tabaka hilo upo ubao uliochorwa na mtu aliyefahamika kijijini. Saruji ilihifadhi majina ya waliofukuzwa. Rangi inapoteza majina ya waliobaki.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba watu wa Jinja na Budondo wamekuwa waamuzi wa michoro tangu enzi ya shanga, na kwamba viwanda, posta, hazina na vyama vya siasa vimelazimika kuwasikiliza. Noti za Uganda zilizotolewa mwaka 2010 zimepambwa kwa ruwaza za mikeka na vikapu. Kilichokuwa upande mmoja wa mpaka wa Trowell kimehamia juu ya kitu cha kawaida kuliko vyote, na hakuna aliyeshangaa.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, idara za Kiswahili za vyuo vya mashariki mwa Uganda ziwape wanafunzi kazi ya kupiga picha mabango ya rangi, kuandika tarehe na mahali, na kumtaja mchoraji kila anaporidhia kutajwa. Pili, istilahi za usanifu wa michoro zikusanywe kwanza kutoka kwa wachoraji hao, kwa Lusoga, Lugisu na Kiswahili chao, kabla ya kamati kubuni nyingine mezani. Tatu, leso, stempu na senti zenye tundu ziingie katika vitabu vya kufundishia Kiswahili nchini Uganda, kwa kuwa zinamwonyesha mwanafunzi kwamba lugha hii ilifika kwao ikiwa imeshonwa kwenye pindo, mbali na bunduki. Kazi ya kwanza kati ya hizi haiwezi kungoja bajeti. Inahitaji simu yenye kamera, daftari, na mwanafunzi aliye tayari kutembea kutoka Jinja hadi Budondo kabla ya kiangazi kijacho, msimu ambao kuta hupakwa upya.